Taa za Kumrudisha Mama Mkwe

Gari langu lilikuwa linalala saa kumi na mbili jioni, sawasawa na kuku. Huo si utani wangu, ni wa shemeji, kaka wa mke wangu, mtu mwenye ng'ombe wengi na wasaidizi wa kuwachunga, kwa hiyo muda wa kunitania anao wa kutosha. Alikuwa akinipigia simu jua likizama, na kabla hajasalimia anauliza, "Shemeji, kuku kaingia bandani?" Namjibu kaingia, mwenye kuku naye kaingia, na komeo limeshuka.

Gari lenyewe nililirithi kwa marehemu kaka yangu. Ni gari la porini, refu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, mbele lina nafasi ya watu watatu wanaopendana na nyuma mabenchi mawili yanayotazamana. Kaka alikuwa mtu wa njia. Alilipitisha kwenye tope la mbuga wakati wa masika, akalivusha mito ambayo wenzake waliikalia ukingoni wakisubiri maji yapungue. Likaja kwangu, na kwangu likawa linavuka barabara moja kwenda kununua mkate. Nadhani lilishangaa.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Duka langu la madaftari na kalamu liko mbele ya nyumba yangu mwenyewe hapa Bariadi. Kutoka kitandani hadi kazini napita sebuleni, na mara nyingi safari huishia hapohapo, kwenye kiti changu. Kiti hicho nikieleze mapema kwa sababu habari yote hii inakihusu. Ni cha mbao, kina mto mwekundu ulioshuka katikati kwa kufuata umbo langu, na kinatazama mlango ili nimwone mapema anayekuja kunialika mahali, nipate muda wa kutafuta sababu.

Sababu yangu kubwa ilikuwa taa. Vioo vya taa za lile gari vilikuwa vimegeuka njano kama kucha za mvuta tumbaku, na ndani kumeota kutu. Ukiwasha gizani unapata kitu kama chai ya rangi iliyomwagika mbele ya bampa, basi. Mwingine angeona aibu. Mimi niliona nimepewa kinga. Nikiitwa kikao cha harusi Maswa, "Ningekuja, ila taa." Nikiombwa kumfikisha mtu Mwamanyili jioni, "Ndugu yangu, hizi taa, hizi taa." Mtu anaweza kubishana na uchovu wako, anaweza hata kubishana na homa yako, lakini hakuna anayebishana na taa.

Kisha mama mkwe akaja kutibiwa macho.

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Shemeji alimleta kwa basi kutoka kijijini kwao, ng'ambo ya Lagangabilili, wakamtibu jicho moja, akapumzika kwetu, wakamtibu la pili, akapumzika tena. Daktari alisema asikae kwenye vumbi wala jua kali. Mke wangu akamfungulia chumba cha watoto, ambao wako shule za bweni, na sebule ikawa ya mama yake mchana kutwa.

Sasa, huku kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawachangamani. Vijana wa mjini wameshaanza kulegeza. Utawaona wanapeana mikono na mama wakwe zao, wanakula meza moja, wanacheka. Mama mkwe wangu hajalegeza kitu. Kwake mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, na umbali usipokuwepo unatengenezwa. Nikitaka kuingia nyumbani kwangu nilikuwa nakohoa nikiwa bado uani. Nikikohoa nasikia kanga zinakusanywa haraka, hatua zinakimbilia chumbani, na mara nyingine nasikia stuli inagongwa, maana mtu mwenye jicho lililofunikwa hawezi kukimbia vizuri. Mara ya kwanza nilicheka kidogo. Mara ya pili nikasikia ameguna kwa maumivu, na kicheko kikaisha. Tulikuwa watu wawili tunaoheshimiana mpaka tunaumizana.

Nikaacha kuingia. Dukani nikawa napita kwa mlango wa barabarani, chakula naletewa uani, na jioni, saa zangu za kiti, nikahamia kwenye gari. Niliegesha chini ya ukuta, nikaketi nyuma ya usukani nasikiliza redio, nikitazama dirisha la sebule yangu mwenyewe kama mpangaji aliyefukuzwa. Kilichoniuma zaidi ni kiti. Nilimwona mama mkwe akilini mwangu ameketi pale siku nzima, mto wangu unaacha umbo langu polepole na kushika umbo lake.

Mke wangu akiniletea chai dirishani alikuwa anasema, "Hodi, dereva. Leo tunaenda wapi?"

"Popote penye mgongo wa kuegemea."

"Pole. Ila mama naye anasema amechoka. Anataka kwake. Anaota ng'ombe wake."

Hatimaye daktari alimwachia. Nikajua siku inayofuata nitakuwa kwenye kiti changu. Mke wangu akaja dirishani na habari nyingine.

"Basi hapandi, vumbi lote linaingia ndani. Bodaboda ndiyo kabisa. Tutampeleka sisi, kwa gari hili."

"Kesho asubuhi," nikasema, nami mwenyewe nilishangaa kwa wepesi wangu.

"Asubuhi hataki. Anasema hawezi kupita senta ya kwao mchana kweupe amepakiwa na mkwe wake, watu wote wamesimama wanaangalia. Jua likishazama, sawa. Gizani hakuna anayemwona, na wewe humwoni."

Mke wangu akapiga boneti ya gari kidogo kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyezeeka.

"Na nimemwambia hakuna shida," akasema. "Nimemwambia utatengeneza taa."

Hivyo ndivyo kinga yangu ya miaka yote ilivyoniishia. Taa zilinikalisha nyumbani muda mrefu, na sasa taa hizohizo zilikuwa zinanizuia kuingia nyumbani.

Fundi umeme wa magari niliyemwendea ana kibanda nyuma ya stendi. Ni mtu anayependa kuongea na gari kuliko na mwenye gari. Alifungua taa ya kushoto akakuta nyigu walijenga humo, wakahama, wakaacha nyumba yao ya udongo.

"Hata nyigu walishindwa kukaa," akasema. "Giza lilikuwa kubwa mno."

Akanionyesha tatizo. Waya zilikuwa nyembamba na za zamani, zinatoka kwenye betri, zinazunguka mpaka kwenye swichi ya dashibodi, kisha ndiyo zinarudi mbele. Umeme ukifika kwenye taa umechoka. Kubadilisha balbu peke yake, akasema, ni sawa na kumnunulia viatu vipya mtu mwenye njaa. Akavuta waya mpya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akaweka na rilei, kidude cheusi kidogo kama kiberiti ambacho swichi inakiamuru na chenyewe ndicho kinachofungulia umeme mwingi. Akatoa zile taa kuukuu nzimanzima na kufunga mpya zenye vioo vyeupe kabisa. Halafu, kwa kuwa mke wangu alikuwa ameshampigia simu bila mimi kujua, akafunga na spoti mbili za duara kwenye ngao ya chuma mbele, taa za kutazama mbali, zenye swichi yake nyekundu.

"Hizo za nini?" nikauliza. "Mimi siwindi."

"Dada yangu ameagiza," akasema, akimaanisha mke wangu. Wanatoka kata moja, na ukishatoka kata moja na mke wa mtu wewe ni kaka yake.

Jua lilipozama tukalipeleka gari mbele ya ukuta wa ghala la pamba lililokuwa limefungwa, sehemu tambarare, ili azilenge. Akapima kimo cha taa kutoka chini, akachora kwa chaki ukutani, akawa anakaza na kulegeza bolti huku miduara ya mwanga inashuka na kupanda kama inatafuta pa kukaa. Akaniuliza bila kugeuka, "Huwa unabeba mzigo?"

"Mkate," nikasema.

"Abiria?"

"Huohuo."

Akacheka, akakaza bolti. Nilijiona nimesema kitu cha maana. Kumbe nilikuwa nimempa jibu la maisha yangu yote ya nyuma, wakati safari yenyewe ilikuwa ya kesho.

Shemeji aliposikia, akapiga simu. "Nasikia kuku kafungiwa macho ya paka."

"Kesho atafika kwako, umwandalie mtama."

"Mkiingia kwenye mtaro msinipigie mimi. Pigeni kwa mwenye mtaro."

Kesho yake jioni tukapakia. Mke wangu alikuwa amemwahidi mama yake saruji ya kusakafia nyumba, kwa hiyo mifuko ikaingia, ikafuatiwa na godoro, na ndoo za plastiki, na sukari, na mashudu ya pamba kwa ajili ya ng'ombe, maana huwezi kumrudisha mtu kwa ng'ombe wake mikono mitupu. Mimi niliingiza mizigo kwanza, kisha nikaenda kusimama nyuma ya ukuta wa choo, kama inavyopasa, ili mama mkwe apande bila mimi kumtazama. Nikasikia akimwelekeza binti yake. Mbele hakai. Benchi la karibu na dereva hakai. Atakaa mwisho kabisa, kwenye mlango wa nyuma, na saruji asogezewe hukohuko miguuni aiangalie isije ikapasuka. Nikasikia mifuko ikiburuzwa kwenda mkiani, nikasikia springi za nyuma zikilia.

Nilipotoka nikaona kitenge tu, kimefunika kichwa na mabega, kimetazama mlango.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu, jioni njema mama, nikitazama gurudumu la akiba.

"Mwadila, baba," kikajibu kitenge.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote tangu afike.

Tukatoka Bariadi jua likiwa jekundu. Msimu wa pamba ulikuwa umepamba moto. Kando ya barabara vichaka vilikuwa vimeshika pamba iliyodondoka kutoka kwenye malori, nyeupe kama ndevu za mzee aliyenyoa vibaya. Tulipoacha lami giza lilikuwa linashuka, nikawasha taa, kwanza kwa unyenyekevu, kisha nikabonyeza swichi nyekundu.

Sijawahi kuona miti vizuri namna ile. Kila jani lilionekana. Viota vya ndege kwelea vilionekana na kwelea wenyewe wakaamka. Niliona popo, niliona waya za umeme, niliona shina la mti lililoungua na radi juu kabisa. Kitu ambacho sikukiona ni barabara. Mbele ya bampa kulikuwa na giza lilelile la zamani, ila sasa lilikuwa na paa la mwanga juu yake.

"Ni nzuri," mke wangu akasema polepole, "ila naona kama zimetazama mbinguni."

"Zitazoea," nikasema, jibu la mtu ambaye hajui.

Lori la pamba likaja kutoka mbele, likatuwashia taa na kuzima, likawaka na kuzima. Nikazima spoti, nikashusha taa kubwa. Likazidi kuwaka. Tulipokaribiana dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa.

"Mzee, unatuchoma macho. Shusha taa."

"Nimeshusha."

"Basi shuka wewe," akasema, akaondoka na vumbi lake.

Kutoka nyuma kabisa ikaja sauti ya utulivu. "Binti yangu, mwambie baba watoto aende taratibu. Mimi sina haraka. Ng'ombe wameshalala."

"Mama anasema uende taratibu."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

Nilikuwa tayari naenda taratibu. Woga una faida zake. Na ndio uliotuokoa, maana kitu cheusi kikubwa kilitokea mbele yetu bila kutangulia kuonekana, kama ukuta uliojengwa dakika ileile. Nikakanyaga breki. Mifuko ya saruji ikasogea, godoro likadondoka, mama mkwe akasema "Mayu wane", mama yangu, kwa sauti ndogo. Gari lilisimama karibu na mkokoteni wa ng'ombe uliojaa magunia ya pamba, usio na taa wala kioo cha kung'aa, karibu kiasi kwamba nilipotoka nililazimika kupita ubavu ubavu.

Mwenye mkokoteni alikuwa ameshashuka, mtu wa makamo, fimbo mkononi. Hakugomba. Kwanza tulisalimiana, kwa sababu hata ukitaka kumkanyaga mtu lazima umsalimie.

"Mwadila."

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, salama tu. Akatazama taa zangu, akatazama juu zilikotazama, akarudi kwangu. "Mnatafuta nyuki?"

"Nyuki?"

"Nimeona mwanga unapita juu ya kichwa changu mpaka kwenye miti, nikasema hawa wanatafuta mzinga. Sikujua ni watu wa barabarani."

Nikazunguka nyuma ya gari, na hapo nikaona. Mkia ulikuwa umekaa chini kabisa, karibu kugusa matairi, na pua imeinuka kama mbwa anayenusa upepo. Nikamkumbuka fundi na chaki yake. Alizilenga taa gari likiwa na mtu mmoja asiyebeba kitu. Zile taa zilikuwa zinafanya kazi barabara kabisa. Zilikuwa zinamulika pale ambapo mkate ungetaka zimulike.

Spana ya kuzishushia nilikuwa nayo. Ilikuwa nyumbani, chini ya kiti changu.

"Lazima saruji ije mbele," nikamwambia mke wangu, "nyuma ya viti hapa. Mkia upate nafuu."

"Na nyie mnakwenda wapi na saruji gizani?" mwenye mkokoteni akauliza, huku ameshaanza kusogea kusaidia.

"Tunamrudisha mama mkwe."

Akachungulia ndani, akaona kitenge, akarudi nyuma haraka, akageuzia uso pembeni kwa heshima. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha chini kinachotikisa mabega.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Hata gari lako lina adabu. Limeinua macho lisimtazame mkwe."

Ndani ya gari, chini ya kitenge, nikasikia kitu. Nilidhani anakohoa. Mke wangu ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa anacheka.

Tukahamisha mifuko, mimi na yule bwana, kila mmoja akitazama pembeni tunapofika mlango wa nyuma, kwa hiyo tuligongana mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikawasha. Mwanga ulikuwa umeshuka kutoka kwenye matawi hadi kwenye mashina, lakini barabara bado ilianzia mbali. Mashudu nayo tukayasogeza. Bado kidogo.

Tukasimama tunatazama ule mwanga. Hakuna aliyetaka kusema kilichobaki mkiani ni nini. Mwenye mkokoteni akajishughulisha na kamba zake. Mimi nilifikiria kurudi Bariadi: niwashe viashiria, tutambae, mama mkwe arudi chumba cha watoto, mimi nirudi kwenye gari, stuli igongwe tena asubuhi. Nilichoka kabla sijaanza.

"Binti yangu," ikasema sauti ya nyuma.

"Naam, mayu."

"Kilichobaki nyuma ni mimi."

Mke wangu akageuka kunitazama.

"Mwambie baba watoto nilikuwa naficha uso watu wasinione. Giza limeshauficha. Nitakuja mbele. Wewe ukae katikati."

"Mama anasema..."

"Mwambie ni sawa," nikasema, nikaenda mwenyewe kusimama mbele ya ng'ombe wa yule bwana, mgongo nimeupa gari, mpaka niliposikia mlango wa kushoto umefungwa. Ng'ombe mmoja akanipumulia shingoni. Sijawahi kusimama na heshima kiasi kile.

Niliporudi kwenye usukani, mke wangu alikuwa katikati kama ukuta wa matofali uliojengwa kwa haraka, na upande wa pili kitenge kimegeukia dirisha. Nikawasha. Mwanga ukatua barabarani. Ukalala palepale, kuanzia hatua chache mbele ya bampa, ukajaza njia kutoka ukingo hadi ukingo, ukaonyesha kila jiwe na kila shimo. Mwenye mkokoteni aliinua fimbo yake kutuaga, na kivuli cha fimbo kikawa kirefu kuliko nyumba.

Tukasonga mbele. Nilimwona mke wangu anatabasamu peke yake. Kisha, pembeni ya jicho, nikaona kitenge kinashuka polepole kutoka usoni kwenda mabegani. Sikugeuka. Lakini nilijua mama mkwe anatazama mbele.

"Mwambie baba watoto," akasema, na sauti ilikuwa tofauti kidogo, "miaka mingi nilikuwa nikiona taa za gari naona duara tu lenye ukungu. Kama mwezi wakati wa mvua. Sasa naona majani. Naona kila jani liko peke yake."

"Mama anasema..."

Mke wangu hakumaliza. Mama yake ndiye aliyemkatiza.

"Ng'ombe," akasema. "Kushoto, huyo anavuka."

Nikapunguza mwendo. Mimi nilikuwa bado sijamwona. Alikuwa mweusi, ametoka kwenye kichaka pembeni ya mwanga, anatembea kama mwenye barabara. Akapita. Nyuma yake akatokea ndama, akasimama katikati kututazama, macho yakiwaka kijani, kisha naye akapita. Hapo ndipo tulipogundua, wote watatu nadhani, kwamba lile neno halikupitia kwa mtu yeyote. Lilikuja kwangu moja kwa moja. Na kuanzia pale hadi kijijini aliniongoza: "Shimo." "Daraja hilo, bovu kulia." "Hapo kwenye mti wa mnyaa, kata kona." Maneno mafupi, ya kazi, yanayosemwa kwa kioo cha mbele, na kioo kikanifikishia.

Shemeji alikuwa amesimama kwenye uzio wa boma lake na tochi. Alitumulika, akamwona mama yake ameketi mbele, akazima tochi kwa mshangao. Sikuwahi kumwona amekosa utani kabla ya siku ile, na ulimrudia baada ya pumzi chache tu.

"Shemeji. Kuku kaja na mama yake."

"Pakua saruji," nikasema.

Nikaenda kusimama upande wa giza mama mkwe ashuke. Nilisikia akisalimiana na wajukuu, nikasikia akiuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, huyu kazaa, huyu anakamuliwa, huyu kwa nini simwoni. Alikuwa anatembea uani kwake bila kugonga kitu. Halafu hatua zikaja karibu na gari, zikasimama kwa umbali unaofaa. Alikuwa amenipa mgongo, nami nimempa wangu.

"Wabeja, baba," akanishukuru.

"Wabeja, mayu."

Kurudi tulikuwa wawili, gari tupu, taa zikiwa pale fundi alipoziweka. Nilikunja pale kwenye mnyaa bila kuambiwa. Pumzi niliyokuwa nimeishikilia tangu lile lori la pamba niliitoa mahali fulani kabla ya lami, na mke wangu akasema, "Umepumua hatimaye?" Nilikuwa naendesha gari gizani, njia imefunguka mbele yangu hadi mbali, na, hili lisimfikie shemeji, nilikuwa nafurahia.

Tulipofika nikaegesha, nikaingia ndani bila kukohoa. Ilikuwa raha kubwa, kuingia bila kukohoa. Sebule ilikuwa imefagiwa. Nikasimama mbele ya kiti changu, na hapo wasiwasi ukanishika upya.

"Vipi?" mke wangu akauliza.

"Mama amekikalia wiki zote hizi. Sijui kama inaruhusiwa mimi kukaa alipokaa yeye."

Akaketi kwenye stuli, ileile ya kugongwa, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Nani kakwambia alikikalia? Akalie kiti cha mkwe wake? Mama alikuwa anakaa hapo chini," akaonyesha mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango. "Kila asubuhi alikuwa anakifuta vumbi kwa ncha ya kanga, bila kukigusa kwa mkono. Kiti chako hakijakaliwa na mtu tangu ulipohamia kwenye gari."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa dereva."

Nikakigusa mto. Ulikuwa umeshuka katikati, palepale, kwa umbo langu. Siku zote zile mimi nilikaa kwenye gari kwa ajili yake, yeye akakaa chini kwa ajili yangu, na kiti katikati yetu kikapumzika kuliko sisi sote.

Nikaketi. Nilipokuwa nimeanza tu kuegemea simu ikaita. Shemeji.

"Mama anasema sakafu ikikauka uje uione. Jioni, anasema, msije na jua. Na anasema siku ukimpakia tena atakaa mbele, maana wewe huoni ng'ombe."

Nikafungua mdomo kumwambia habari za taa. Kisha nikakumbuka zimeshatengenezwa.